Kochi la Kurudi

Mtaa mzima ulimwita Taslimu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi makochi, mwaka wa thelathini na moja katika karakana ileile: chumba kirefu chenye paa la bati, meza moja ya kukatia vitambaa, sponji zimerundikwa mpaka zinagusa boriti. Juu ya mlango alipigilia ubao aliouandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: UKITAKA KUKAA, KALIA HELA YAKO. Wateja waliusoma wakacheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Aliuandika siku aliyokuwa na hasira, na alitaka usomwe hivyohivyo.

Mkopo aliuchukia kama mtu anavyomchukia nyoka aliyemwona ndani ya nyumba. Nyumba yake aliijenga kwa miaka kumi na tisa, chumba baada ya chumba, mvua ikiwanyeshea yeye na mkewe na ndoo zikiwa zimepangwa sebuleni. Redio aliyoitaka aliingoja miaka minne, kila Jumamosi akipita dirishani pa duka kuhakikisha haijanunuliwa. Simu ilipoanza kumletea ujumbe wa mikopo ya haraka, alijibu kila ujumbe kwa matusi. Akaambiwa anayeandika ni mashine, si mtu. "Hata mashine ina walioizaa," akasema, akaendelea kutukana.

Sasa sikia kazi aliyokuwa akiifanya mtu huyu. Kwa miaka sita, nusu ya riziki yake ilitoka kwenye duka kubwa la fanicha kule barabara kuu. Duka liliuza makochi kwa awamu kumi na nane za kila mwezi. Aliyekosa awamu mbili mfululizo alifuatwa na pikapu asubuhi, majirani wakiwa nje wanafagia, kochi likatolewa mbele ya macho yao. Kutoka hapo lilikwenda moja kwa moja kwa Taslimu. Alilivua kitambaa, akabadilisha sponji iliyobonyea, akakaza mbao, akalivalisha upya. Likarudi dukani likiwa linang'aa, likauzwa tena kwa bei ya kochi jipya. Dukani waliyaita makochi ya kurudi.

Taslimu aliyashona huku akiwasema wenye nayo, watu asiowajua hata kwa sura. "Mjinga wewe. Ungeketi kwenye mkeka ungekufa?" Vitu alivyovikuta ndani, sarafu, kijiko, hereni moja, jino la mtoto, alivitia kwenye kopo la rangi lililoisha. Dukani hawakuvitaka na wenyewe hakujua pa kuwapata. Kopo lilikuwa limejaa mpaka juu, na halikuwahi kumnyima usingizi.

Jumanne moja asubuhi pikapu ikashusha makochi matatu. La mwisho lilikuwa la kijani, refu, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kiraka cha mraba kilichoshonwa kwa uzi uliofichwa. Taslimu alipita mbele yake mara mbili akitafuta chaki. Mara ya tatu akasimama. Fundi huujua mshono wake kama anavyoijua sauti yake. Kiraka kile alikishona yeye, mwaka uliopita, nyumbani kwa binti yake, siku pasi ya nywele ilipoanguka ikauunguza mkono wa kochi.

Akajiambia makochi ya kijani ni mengi duniani. Akaligeuza miguu juu, akachana kitambaa cha chini. Zikamwagika pini za nywele, nyingi, zikafuatwa na kitana cha meno mapana, vipande vya nywele za kusukia, na shanga za kufungia ncha za misuko. Binti yake alikuwa msusi. Alisukia chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, na juu ya kochi hilo ndipo wateja wake walipongojea zamu.

Mwaka na nusu nyuma binti huyo alikuja karakanani, akasimama palepale penye kochi sasa. "Baba, nimepata nusu ya bei ya kochi. Naomba unikopeshe nusu nyingine, nitakuwa nakulipa kila wiki. Wateja wakikosa pa kukaa wanavuka barabara, wanakwenda kwa mwenzangu." Taslimu hata sindano hakuiweka chini. Alinyoosha kidole juu ya mlango, kwenye ubao. Mwezi uliofuata alipomtembelea akalikuta kochi la kijani, akauliza limenunuliwa vipi, akajibiwa, "Kwa hela yangu, baba." Alitembea wiki nzima akimsifu mtaani. Damu yangu ile, alisema.

Kwa hiyo hasira ya kwanza ilimwendea binti. Amemdanganya! Amemfanya ajisifu mbele za watu kwa uongo! Mkasi aliurusha ukagonga ukuta. Mkewe alipofika na chakula cha mchana alimkuta amesimama katikati ya pini za nywele.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua," mkewe akasema, akatafuta pa kuweka sahani.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Amelipa awamu kumi na nne bila kuchelewa hata siku. Kisha kiganja kikamvimba, wiki sita hakuweza kushika kitana. Wamelifuata jana asubuhi, mteja akiwa juu yake. Wakamwambia ainuke."

"Kwa nini hakuja kwangu?"

"Alikuja kwako kwanza, mzee wangu. Ukamsomesha ubao."

Mkewe hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuja nayo yote pamoja na sahani.

"Na wewe, hao wa dukani wanakulipa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Mwezi upi?"

Duka lilikuwa halijamlipa, na huu ulikuwa mwezi wa tatu.

"Basi mkopeshaji ni wewe," mkewe akasema. "Unamkopesha meneja ambaye hata salamu yako haitikii, mwanao unamnyima. Nyani haoni kundule." Akafunika sahani, akaondoka.

Chakula kikapoa. Taslimu akachukua chaki akaanza kupiga hesabu juu ya meza ya kukatia, na kila mstari ulivyoongezeka ndivyo shingo ilivyozidi kumwaka. Awamu kumi na nne duka limemeza. Kochi limechukua. Linalirudisha sokoni kwa bei kamili, na atakayelinunua akijikwaa, litarudi tena. Kochi moja linaweza kukamua familia tatu! Na nani anayelifanya liuzike? Nani anayefuta doa la chai la huyu na kubonyea kwa yule, ili mnunuzi mpya asijue kwamba mwenzake alilizwa hapo? Miaka sita alijiona yeye ndiye mwenye akili anayewacheka wajinga. Kumbe alikuwa anawafutia wezi nyayo, tena kwa mali kauli, kazi leo malipo ahadi. Akalitazama lile kopo la hereni na vijiko, akaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Jioni hiyohiyo akatoa akiba yake ndani ya kipande cha sponji alichojua yeye tu, akaenda dukani. Meneja, kijana mwenye kitambulisho shingoni, alikuwa anakula karanga.

"Nataka kochi la kijani mliloniletea leo. Hizi hapa awamu nne zilizobaki. Keshi."

"Ah, mzee, mkataba ule umeshavunjika. Kochi sasa ni mali ya duka. Ukilitaka ni bei kamili."

"Bei kamili? Zile kumi na nne zimekwenda wapi?"

"Zimehesabiwa kama matumizi, mzee. Si amelikalia?"

Taslimu akahema mara mbili. "Sawa. Nawadai miezi mitatu. Inapita hiyo bei kamili. Kateni humo, mnipe chenji yangu."

"Hayo ni mafaili mawili tofauti. Malipo ya mafundi yanasubiri saini ya mkubwa."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Amesafiri kwa hela ya nani?"

Meneja akacheka akidhani ni utani. Taslimu akaegemeza viganja vyote viwili juu ya meza, karanga zikaruka.

"Mwanangu kachelewa miezi miwili, mmemfuata na pikapu. Nyinyi mmechelewa mitatu. Niwafuate na nini?"

Hakungoja jibu. Mafundi wana sheria yao ya zamani, haikuandikwa popote: kazi isiyolipwa haitoki karakanani. Taslimu aliitumia bila huruma kwa wajane na walimu, akawazuilia viti vyao mpaka senti ya mwisho. Duka tu ndilo hakuwahi kulizuia, kwa sababu lilikuwa duka, lina vioo na mlinzi mlangoni. Usiku ule hilo lilimuuma kuliko yote.

Alhamisi pikapu ilipokuja kuchukua makochi yaliyokwisha, ilikuta kufuli mbili mlangoni na Taslimu juu ya kigoda. Ndani mlikuwa na makochi kumi na moja ya duka. Dereva akapiga simu, kisha akamsogezea sikioni.

"Mzee, tutaleta polisi!" meneja alipiga kelele.

"Leta. Nina stakabadhi zenu za miezi mitatu, zote zina mhuri wenu. Nitawasomea moja moja, na nina sauti kubwa."

Ijumaa hakufungua. Jumamosi kabla ya adhuhuri mkubwa aliyesafiri akawa amerudi ghafla, na saini ikapatikana. Walimlipa deni lake, wakakata humo bei kamili ya kochi la kijani. Hapo walikataa katakata kulegeza, na Taslimu akahesabu chake akiwalaani, maana kochi hilo ukoo mmoja ulikuwa umelinunua karibu mara mbili. Makaratasi ya stakabadhi, ishirini kwa jumla, aliyachana mbele yao. "Na makochi yenu ya kurudi msiniletee tena," akasema. Nusu ya riziki yake iliondoka na pikapu ile, na alijua.

Alilishona kochi kitambaa cha chini, akakiacha kiraka kama kilivyo. Pini na shanga akazitia kwenye bahasha. Kisha akapanda ngazi akaung'oa ubao wa mlangoni, akaliweka kochi juu ya mkokoteni wa kukodi na kwenda nalo.

Chumba cha mbele kilikuwa wazi. Binti alikuwa amesimama anasuka, kiganja kimefungwa bendeji, na wateja wawili waliongojea walikuwa wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Mwenye mkokoteni na Taslimu wakaliingiza kochi wakihema. Vidole vya binti havikusimama.

"Limelipwa kwa hela ya nani?"

"Yangu."

"Basi si langu, baba. Kila mtu akalie hela yake."

Wanawake wa kwenye ndoo wakatazama sakafu.

"Ubao nimeung'oa," Taslimu akasema.

"Umeung'oa mlangoni. Mdomoni je?" Sauti ya binti ilikuwa imepanda sasa. "Kiganja kilikuwa kimevimba kama andazi, nikakaa humu siku arobaini nikifikiria nije kwako. Kila nikisimama nauona mkono wako umenyooka juu. Nikaona heri pikapu."

Taslimu alishika bahasha ya pini kwa mikono miwili kama mtu aliyeleta barua asiyojua kuisoma.

"Nilikukosea, mwanangu," akasema, mbele ya wateja, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mwenye mkokoteni nje. "Hunidai kitu. Mimi ndiye ninayedaiwa."

Binti akamaliza msuko mmoja mpaka ncha, akaufunga kwa ushanga, akaanza mwingine.

"Nina kazi," akasema. "Ukitaka tuongee, ngoja. Watu wamekutangulia."

Wale wanawake wawili wakainuka kwenye ndoo zao, wakahamia kwenye kochi, wakakaa wakiachiana nafasi kubwa ili mikoba yao nayo ipate mahali. Taslimu akavuta ndoo moja, akaikalia, akangoja zamu yake.