Jiwe la Sista Pilar

Hii stori itanifanya nionekane mjinga, lakini nikikuficha wewe nitamwambia nani? Juzi hapa Migori, mahali nimepanga chumba, jirani alikuwa anachemsha maharagwe na kuni. Mimi napikia gesi. Inawaka bluu, haina harufu, haina habari. Ule moshi uliingia kwa dirisha ukanikalisha kitandani na kiatu moja mguuni, nikarudi utotoni, kisiwani Rusinga, bila nauli.

Nilikuwa darasa la nne, nakaa kwa Dani, nyanya yangu. Sista Pilar, mtawa Mspanyola wa zahanati, alipenda kuketi jikoni kwetu jioni, macho yakimtoka machozi ya moshi, tukichambua omena, vile visamaki vidogo vya ziwa. Kila kitu nilimuuliza kwao inaitwaje. Siku moja nikamwonyesha yale mawe tatu na moto katikati. Akasema, "Hogar." Unatamka ogar, ile H imelala tu. Akaongeza kwamba neno hilohilo ndilo wanaita nyumbani, mahali mtu anangojewa. Wiki nzima nilisumbua shule na Kispanyola changu cha neno moja.

Halafu mama yake akafa huko kwao. Ndugu zake wakauza nyumba, na wakubwa wake wakamwita arudi. Alipokuja kutuaga alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Narudi, lakini hogar sina tena." Dani aliitikia kwa kichwa, akapuliza moto. Mimi hayo maneno yalinikwama kama mwiba wa samaki.

Asubuhi ya safari, Dani alipoenda ziwani kuchota maji, nikapiga hesabu: mawe ni tatu, sufuria ya maharagwe inaweza kuvumilia mbili. Nikavuta moja na kijiti, nikalimwagia maji, likalia tssss, nikalitia kwa begi ya shule. Nyuma yangu nikasikia maharagwe yakienda chini. Sikugeuka. Jiwe lilikuwa bado na moto wake ndani. Nilikimbia mgongo ukiiva.

Zahanati ilijaa watu wa kuaga. Nikatoa jiwe, nikasema, "Sista, hogar yako hii."

Watu walicheka mpaka dereva akaegemea gari asianguke. Sista hakucheka. Aliketi chini na gauni yake nyeupe, akalipakata lile jiwe jeusi vile mtu hupakata mtoto wa siku mbili.

Ndio Dani akatokea, jivu mpaka magotini, fimbo mkononi. Akauliza ni nini hii. Nikaeleza haraka, kabla fimbo haijafika. Dani akamwangalia Sista, akaangalia jiwe, kisha akamwambia dereva aliweke kwa gari, na aliweke vizuri.

Kama lilipita uwanja wa ndege Kisumu, sijui. Najua tu sikuchapwa, na kwa miaka mingi niliamini ni ujanja wangu uliniokoa. Nilikuwa nimeona mama mzungu amepoteza kwao, nikadhani ni yeye peke yake duniani. Sikujua huku kwetu msichana akiolewa, kwao inabaki ya ndugu zake, na mama akishakufa hata njia ya kurudi inamea nyasi.

Na si eti sikuambiwa. Siku hiyohiyo, tukiokota maharagwe kwa jivu, Dani alisema bila kuniangalia:

"Mimi nililetwa hapa kutoka kwetu Mfangano na nguo mbili. Hakuna mtu alinibebea jiwe."