Shimo la Watu Wawili

Horace Blanchard alichimba makaburi ya kanisa letu kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo sikumsikia akisifia kitu ila viazi vyake na mkewe. Viazi alivitaja kwanza.

Mkewe, Enid, alikuwa mwalimu, na alipenda asili ya maneno mpaka kero. Siku moja Horace alikuwa anafukia viazi vya kula majira ya baridi, visiharibike: safu ya viazi, safu ya mabua ya ngano, udongo juu. Enid akasimama pale na kikombe chake cha chai.

"Unajua kwamba hapo ndipo neno letu la Kiingereza la kuzika lilipoanzia? Wazee waliolitamka hawakuwa na maana ya kutupa. Walimaanisha kusitiri, kuweka kitu mahali kisidhurike."

"Na kaburi?"

"Hilo limetokana na kuchimba. Ni shimo tu. Ndilo fungu lako."

"Kwa hiyo mimi wa mashimo tu."

"Una viazi, mume wangu."

Enid alifariki mwezi wa kumi na moja. Uani pa kanisa palibaki nafasi moja, chini ya ukuta. Baada yake sote tungezikwa kwenye makaburi mapya, kando ya barabara kuu. Horace, miaka sabini na minne na kifua kibovu, akaamua kuchimba futi sita na nusu badala ya nne na nusu, ili siku yake ikifika awekwe juu ya mkewe. Mchungaji Lorna akamsihi aache, kwamba udongo umelowa na kina cha mtu mmoja kinatosha. Akaitikia vizuri sana, kisha akaenda kuchukua sepetu.

Mimi ndiye niliyekuwa nafyeka nyasi pale. Alipofika futi nne maji yakaanza kuingia. Nikamkuta amekaa ukingoni, midomo imekuwa ya bluu.

"Nenda nyumbani, we mzee mkaidi," nikamwambia. "Unataka tuwazike wote siku moja?"

"Utakuwa umenipunguzia safari."

Nilikasirika. Nikamnyang'anya sepetu, nikashuka mwenyewe na ndoo. Asante niliyopata ni kuambiwa nachimba kama sungura.

"Nyoosha ukuta, Doreen. Huyo ni mke wangu, si mbwa."

Siku mbili nikichimba na kuteka maji, yeye juu akivuta ndoo na kunisimanga. Alhamisi alasiri akashusha kijiti chake cha kupimia, akajifuta uso kwa kofia. Futi sita na nusu.

Baada ya ibada watu walienda ukumbini kunywa chai na kula mikate ya nyama. Horace alibaki kufukia. Alitupia udongo kiasi cha shubiri juu ya jeneza, kisha akafungua gunia, akatandaza mabua ya ngano kutoka kichwani mpaka miguuni. Nikadhani msiba umemvuruga.

Alifariki miaka miwili baadaye. Hakukuwa na mchimbaji mwingine, kwa hiyo sepetu ikawa yangu. Nakiri niliogopa. Udongo ule hushuka, na hakuna aliyejua Enid yuko umbali gani hasa. Usiku kucha niliwaza nitamgonga. Nilichimba polepole, mara nyingine kwa mikono. Kuta nilizinyoosha.

Nilipopita futi nne, sepetu ikaingia kwenye kitu laini. Nikapapasa. Yalikuwa mabua, meusi lakini mazima, yametandazwa vizuri kutoka kichwani mpaka miguuni. Yalikuwa yananiambia nisimame hapo hapo, maana yupo mtu amewekwa.

Nikakaa mle shimoni nikalia sana, sina haja ya kuficha. Kisha nikapanda, nikaenda kwa jirani mkulima kuomba gunia jingine la mabua.