Kigoda cha Bibi

Mume wangu amekuwa seremala kwa miaka ishirini na nane. Kwake yeye, kosa huwa la ubao, la msumari au la mteja. Mapacha wetu waliposema wanataka kumtengenezea bibi yao zawadi ya kigoda, aliwapa mbao na onyo moja: “Pimeni mara mbili, kateni mara moja.”

Wakaenda kwa bibi na futi, wakarudi, wakakata, wakapiga msasa hadi kope zikajaa vumbi. Juu wakaandika BIBI kwa rangi nyekundu. Lakini kilipowekwa kwenye meza ya karakana, kigoda kikayumba. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mingine.

“Mmelipua kazi!” mume wangu akafoka.

“Baba, usikate! Sisi tulipima...”

“Mlipima nini, mbingu?” Msumeno ulikuwa umeshapita.

Jumapili tukampelekea mama mkwe zawadi yake. Akaiweka pale anapokaa siku zote, karibu na mlango wa jikoni, akakaa. Kigoda kikayumba.

“Hapo sakafu imebonyea, Baba,” pacha mmoja akasema taratibu. “Ndiyo tuliyopima.”

Mume wangu akainama kuitazama sakafu. Mama yake akachukua kipande cha boksi kilichokunjwa pale dirishani, akakichomeka chini ya mguu bila hata kuangalia.

“Usijali, mwanangu,” akasema. “Viti vyako vyote nimevikalia hivi hivi.”