Kaseti Niliyoifuta

Shule niliiacha darasa la pili, lakini shamba la michikichi pale Rumonge, kando ya ziwa, nililinunua kwa jasho langu, na sikuzoea kumuomba mtu radhi. Hili la kaseti naliandika kwa sababu kwa mdomo lilinishinda.

Wakati wa vita mke wangu alishikwa na ugonjwa wa hofu. Mlango ukigongwa tu, jasho, mikono inatetemeka, hewa haiingii. Soko akaliacha. Muuguzi wa dispensari, mama mmoja mpole, akamrekodia kaseti: "Vuta pumzi. Hesabu nne. Toa polepole. Uko salama." Mimi nikanunua kiredio cha kaseti, kile cha kufunga kiunoni, chenye nyaya za masikioni. Akarudi sokoni. Wenzake wakamtania: "Mama, muziki gani huo hautikisi kiuno?" Akacheka nao. Alikuwa ameanza kucheka tena.

Siku hizo ndugu waliokimbilia Tanzania tuliwatumia barua za kaseti, sauti badala ya karatasi. Kaka yangu alikuwa kambini, mashua inaondoka, nami sina kaseti tupu. Sitasema sikujua. Niliisikiliza kwanza ile ya mke wangu, nikamsikia yule mama na polepole yake, nikaona aibu kwamba ndani ya nyumba yangu sauti ya mtu mwingine ndiyo inayomtuliza. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, nikajisifu kwa kaka: bati jipya, mapipa ya mawese. Halafu kwenye kiredio nikaweka kaseti ya kwaya. Kaseti ni kaseti, nilijiambia.

Kesho yake gurudumu la lori likapasuka sokoni. Mke wangu akabonyeza kiredio, akapigwa na ngoma za kwaya masikioni. Wenzake walimleta nyumbani wakiwa wamemshika huku na huku, ndagala, vile visamaki alivyokuwa akiuza, zimemganda kwenye nywele.

"Baba, ile sauti iko wapi?"

"Mashini iko yangu," nilimjibu. Hivyo hivyo.

Muuguzi naye alikuwa amekwisha kukimbia. Kaseti ilirudi baada ya miezi, kaka amejibu upande wa pili. Upande wangu, pale majivuno yalipokomea, kilibaki kipande cha yule mama: "Toa polepole. Uko salama." Basi.

Alitembea nacho hicho mpaka vita vikaisha. Kuirudisha kaseti nyuma ikasimama pale hasa maneno ya muuguzi yanapoanzia, hakuweza. Kwa hiyo kila hofu ilipomkaba, alinisikia mimi kwanza, nikisifia bati.