Karatasi za Kufungia Senene

Vijana wanaotoka chuoni hunijia siku hizi na fomu mkononi, wakitaka niwadhamini kuingia katika chama cha wahandisi. Kabla chai haijapoa huuliza lile swali lao: "Mzee, faida yake hasa ni nini?" Nami huwajibu kwa sauti ya mstaafu. Nawaambia kijana hupata mtu wa kumkagulia hesabu bila kumcheka, mtu wa makamo hupata wa kusimama naye mkubwa anapomlazimisha asaini asichokiamini, na mzee kama mimi hupata watu wa kumtembelea. Yote hayo ni kweli. Wanashukuru, nawasainia, wanakwenda zao. Habari ya senene siwaambii.

Nilifika Bukoba na shahada yangu mbichi, miaka ile ambayo wimbo wa redio na wa mikutano ulikuwa mmoja: kujitegemea. Ofisi ya ujenzi niliipokea kutoka kwa Mhindi mmoja wa makamo, mtu mpole mwenye miwani mizito, aliyekuwa anahamia Nairobi. Alinikabidhi funguo, ramani zilizoliwa na mende, na kabati moja la chuma lililojaa majarida ya chama chake. Juu ya majarida aliweka fomu ya kujiunga. Sehemu ya mdhamini alikuwa ameshaisaini.

"Hapa utakuwa peke yako," aliniambia. "Hesabu unazijua, sina shaka. Lakini mhandisi aliye peke yake ni mtu wa hatari. Soma hizi. Na hiyo fomu, itume."

Nilimshukuru kwa adabu, na meli ilipoondoka naye nikaitia fomu kwenye droo, chini kabisa. Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa nshomile, yaani "nimesoma", na wanaotutania hawakosei sana. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji chetu cha Kanazi kuitwa injinia. Mama alikuwa akipita njia ndefu kwenda kisimani ili watu wamuulize habari zangu. Sasa mtu kama mimi adhaminiwe? Adhaminiwe na nani, na kwa lipi? Chama kile nilikiona kama baraza la wakoloni waliosahau kuondoka, watu wa tai na biskuti. Na neno kujitegemea nililielewa vibaya kabisa: nilidhani maana yake ni kutomuuliza mtu.

Mwezi wa Novemba senene walianguka. Asiyekulia kwetu hawezi kujua furaha ile, mji mzima unanukia panzi wa kukaangwa. Karibu na ofisi yetu alikuwa anauza mama mmoja wa Kiislamu, mtu wa mjini, babu yake alitoka pwani, na mkono wake kwa senene haukuwa na mfano. Siku moja akanilalamikia.

"Mwanangu, karatasi zimenishinda. Magazeti yenyewe yanakuja kwa meli, tena machache. Huko ofisini kwenu hamna za kutupa?"

Nikacheka, nikamwambia anifuate. Nikalifungua kabati la yule Mhindi. Majarida yale yalikuwa na karatasi nzuri, nene, isiyopitisha mafuta haraka. Aliyabeba kwa safari tatu, akiniombea dua kila safari. Tangu siku hiyo senene wangu alinifungia bure, nami nilikuwa nawala njiani kuelekea kwenye kikao, nikifuta vidole kwenye michoro ya watu bila kuisoma. Nilijiona mjanja.

Tata, yaani baba yangu, ndiye peke yake aliyenigusa kidonda. Jumapili moja baada ya misa, tukitafuna punje za kahawa barazani, nilimsimulia habari ya fomu ili acheke. Hakucheka. Alikuwa na ndugu wa omukago, rafiki aliyekula naye punje ya kahawa iliyopakwa damu zao, kila mmoja nusu yake, zamani kabla padri hajawakataza. Watu wa namna hiyo hawaombani mara mbili. Ukiita, anakuja.

"Yule Mhindi amekupa nusu ya punje," Tata alisema, "na wewe umeiweka kwenye droo."

"Tata, hayo ni mambo ya vijijini. Kazi yangu ni hesabu."

"Haya, msomi. Siku ukizama, ziite hesabu."

Mwaka uliofuata nilipewa daraja la Kimwani. Huko kusini mwa Muleba serikali ilikuwa inafungua kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya mto unaopita polepole katikati ya mafunjo. Ardhi ilikuwa tele, wala si kama kwetu ambako ndugu wanne wanagawana kibanja kimoja cha ukoo hadi migomba inahesabika. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Ijumbi, alikuwa mmoja wa waliojiandikisha. Mume wake alirithi kipande ambacho, kama alivyosema mwenyewe, kuku akiruka anaangukia kwa jirani. Dada alikuwa amepoteza mimba mbili, na sasa alikuwa na ya tatu. Alinijia Bukoba na vichipukizi vya migomba vimefungwa kwenye mkeka.

"Mwana wa Mae," aliniambia, yaani mwana wa mama, maana hakuwahi kuniita jina wala cheo, "zahanati iko upande huu wa mto. Mkunga ameniambia safari hii nisijifungulie nyumbani. Daraja lako litakuwepo?"

"Litakuwepo, na lori litapita juu yake likiimba."

"Basi nahama bila wasiwasi."

Nilipima ardhi kwa nondo, tukiigonga kwa nyundo hadi igome. Iligoma upesi, kwenye kina cha mtu mmoja, ikatoa mlio mkavu wa kitu kigumu. Mnyapara wangu, mzee aliyefanya kazi na wakubwa watatu kabla yangu, alisema mafunjo hayaoti juu ya mwamba. Nikamuuliza amesomea wapi. Akarudi kwenye nyundo yake, na mimi nikapanga nguzo zangu pale pale, kwa kuwa ndipo njia ilikuwa fupi na kamati ya kijiji kipya ilitaka picha za ufunguzi kabla ya mvua. Wanakijiji walibeba mawe kwa vichwa na kwa nyimbo. Siku ya kufungua, malori yalivuka na watu, mbuzi, vitanda na vyungu. Dada yangu alisimama nyuma ya lori la tatu, tumbo limeanza kuonekana, akipiga vigelegele na kunionyesha kwa kila mtu kama vile ni mimi niliyebeba zege lote.

Wiki ya nne niliona ufa.

Ulikuwa mwembamba, juu ya nguzo ya kati. Nikachora alama ya rangi usawa wa maji, nikajiambia ni zege linakauka. Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa hayajapanda, lakini alama ilikuwa imezama upana wa kidole. Jumamosi ya pili, kidole kingine. Nilirudia hesabu zangu zote tangu mwanzo, mara tano, na kila mara zilitoka safi, ukurasa kwa ukurasa, hazina doa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hesabu ikiwa na kosa, utalitafuta na kulirekebisha. Hesabu ikiwa sahihi na nguzo inazama, utamuuliza nani?

Sikuwa na wa kumuuliza. Injinia mwingine wa karibu alikuwa ng'ambo ya ziwa na sikumfahamu hata kwa jina. Mnyapara nilikuwa nimemfunga mdomo mwenyewe. Mkubwa wa kamati nilipomgusia alinitazama kama mtu anayesikia harufu mbaya, akaniambia daraja la wananchi halizami, labda mimi nina mashaka na siasa yenyewe. Nilikonda. Nilikuwa nakaa mbele ya sahani ya ndizi hadi zinapoa. Kanisani nilishika rozari na badala ya Salamu Maria nikajikuta nahesabu vidole: vitatu, vinne, vitano. Nililia ofisini mchana kweupe, mlango umefungwa, mtu mzima na shahada yangu ukutani. Niliomba Mungu daraja lisimame mpaka dada yangu ajifungue, baada ya hapo lianguke juu yangu mimi.

Mwishowe niliitoa fomu kwenye droo. Nikaijaza, na nyuma yake nikaandika kila kitu: nondo, mlio mkavu, mafunjo, vidole vitano. Niliipeleka mwenyewe posta, ikaondoka na meli.

Jibu lilichukua wiki tatu. Chama hakikunijibu kwa biskuti. Walikuwa wameituma barua yangu moja kwa moja Nairobi, kwa mdhamini wangu, na yeye akaandika siku hiyo hiyo aliyoipokea. Barua ile ninayo bado. Aliniambia chini ya yale mafunjo kuna tabaka gumu jembamba, kama ukoko wa wali, linalodanganya nondo, na chini ya ukoko ni tope la kina cha watu wanne. Aliniambia nifunge daraja leo, nisingoje kesho. Kisha akaandika kwamba alipima mahali pale pale zamani, faili likaenda Dar es Salaam likapotelea huko, lakini aliyachapisha matokeo yote katika jarida la chama pamoja na mchoro, kwa sababu mwamba wa kweli upo, si mbali, upande wa juu wa mto. "Jarida hilo nilikuachia kabatini," alimalizia. "Ndiyo maana nilikuomba usome."

Nilimwendea mama wa senene mbio, sina kofia, watu wananitazama. Msimu ulikuwa umerudi na wateja wamemzunguka.

"Mama, zile karatasi nilizokupa. Zimebaki?"

"Hizi tu, mwanangu. Kuna nini? Mbona mbio hivyo?"

Zilibaki kama kurasa ishirini, nyingine zimeshakunjwa tayari kwa kufungia. Nilizifungua moja moja juu ya meza yake, na mteja mmoja akanipa na yake, senene wakamwagika. Jarida lilikuwemo. Ukurasa wenye mchoro ulikuwemo, umelowa mafuta hadi unaona mkono wako kwa upande wa pili, na kila mstari unasomeka. Mwamba ulikuwa hatua sitini kutoka kwenye nguzo zangu.

Nilifika Kimwani jioni ile ile, nikalaza magogo kwenye pande zote mbili za daraja kwa mikono yangu na ya mnyapara, huku nikimwomba radhi. Alisema kitu kimoja tu: "Vuta huko, bwana injinia, gogo ni zito." Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi, na mchana nguzo ya kati ikaenda chini taratibu, bila kishindo, ikavuta mbao zote zikainama majini. Hapakuwa na mtu juu yake. Watu walinibeba begani. Mkubwa wa kamati alinisifu hadharani kwa kuona mbali.

Siku ya tatu dada yangu alishikwa na uchungu.

Mto ulikuwa umefurika na mtumbwi haukuweza kupenya mafunjo. Wanaume wanane walimbeba kwa machela kuzunguka vilima hadi kivuko kilicho juu ya mto, njia ya kutwa nzima kwenye utelezi. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili na lori la wilaya, injini inawaka, nikiwaona wakitokea na kupotea kwenye mvua. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikiana. Nilimsikia. Kisha, muda mrefu kabla hawajafika kwenye kivuko cha juu, sikumsikia tena, na nilielewa kwamba tumechelewa.

Dada alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Kwetu maiti huzikwa kibanjani, kati ya migomba ya ukoo, lakini kule Kimwani hapakuwa na kibanja bado, palikuwa na nyasi tu na vile vichipukizi alivyovileta kutoka Ijumbi, vimepandwa na bado havijatoa hata jani la pili. Tukamzika hapo.

Daraja la pili tulilijenga hatua sitini upande wa juu, na linapita malori mpaka leo. Mchoro wake ulikwenda kwanza kwa watu watatu wa chama nisiowajua, na kila mmoja alinirudishia na masahihisho. Tangu hapo sijachora hata kalvati bila kumwonyesha mtu. Hiyo nawaambia vijana, na wananiona mzee mwenye hekima.

Lakini siku ya arobaini tuliketi na dada yangu pale kwenye vichipukizi. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Aling'oa nyasi kidogo, akaniuliza polepole kama mtu anayetaka tu kujua:

"Mwana wa Mae, kabla ya kujenga, hukuwa na mtu wa kumuuliza?"

Nikamwambia sikuwa naye. Habari ya senene sikumwambia.

Akanishika bega, akanionea huruma.