Waya wa Chumbani kwa Mama

Dada yangu aliyeko Uarabuni hupata saa moja tu ya mapumziko kwa wiki, Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Saa hiyo hiyo, kwetu Bofu, sebule hujaa wageni wa baba wanaofuatana naye kutoka msikitini kuja kula pilau. Na ruta ya intaneti ilikuwa hapo sebuleni. Mama hangeweza kuketi mbele ya wanaume wale akizungumza na bintiye, basi alikuwa akingoja chumbani, simu mkononi, mpaka wageni wanawe mikono. Wakishaondoka, saa ya dada imekwisha.

Mimi ndiye niliyejitwika kazi ya kuufikisha mtandao chumbani. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta zake mawe ya matumbawe, nene ajabu. Nilianza na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachosemekana kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Uso wa dada ukaja vipande vipande, mdomo wazi, sauti imebaki njiani. Mama alikuwa akiishika simu kwa mikono miwili na kuitikisa. Sikuweza kutazama.

Nikaamua kuvuta waya. Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo kule Kipevu, na kwa kuwa kila siku naziona nyaya chini ya meza yangu, nilijiona mtaalamu. Fundi niliyemwita kutoka Mjambere aliushika waya nilioununua, akaukwaruza kwa kisu.

"Kaka, hii ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Tena ni waya wa ndani. Ukiupitisha uani, jua na chumvi vitaumaliza."

"Wewe funga tu," nikamwambia. Mimi nikishasema, nimesema.

Haukufika hata masika. Gamba lilipasuka, ncha zikaota unga mweupe, na Ijumaa tatu mfululizo mama hakumwona mwanawe. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Kila Ijumaa asubuhi aliniuliza tu, "Leo yuwaja?" utadhani dada anashuka kivukoni na mkoba wake.

Nikamrudia fundi, nimenywea. Safari hii tulinunua waya wa shaba tupu wenye gamba jeusi la kustahimili jua, tukaupitisha ndani ya bomba la plastiki, mbali na nyaya za umeme, tukatoboa ukuta polepole mpaka chumbani. Akafunga ruta ndogo juu ya kabati.

Ijumaa iliyofuata, wageni wakiwa wanakula, dada alitokea kwenye simu, safi kabisa. Hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa na hamu naye. Nilitamani awe jikoni, tugombanie ukoko wa pilau, anizomee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akaisogeza simu karibu na macho. "Mbona umekonda hivyo? Na hapo chini ya jicho pana nini?"

Dada akauvuta mtandio. "Mama, mtandao unasumbua. Nazima picha, tuzungumze tu."

Kioo kikawa cheusi. Sauti yake ikaendelea kutuulizia hali, mmoja mmoja, bila kukatika hata neno. Walipoagana, mama alinigeukia.

"Waya wako umeharibika tena, baba?"

Niliitazama ruta. Taa zake zote zilikuwa zinawaka vizuri.

"Naam, mama," nikasema. "Nitautengeneza."