Chupa Iliyooshwa

Usiku huo mama hakufumba jicho. Alikaa kwenye kigoda ukumbini, khanga ameizungushia mabegani, sikio kalitega kwenye mlango wa chumba cha mwisho, cha wifi yake. Manukato ya mtindo wa zamani hayahukumiwi jioni, binti yake alimwambia. Maua hutangulia, na yakishaondoka ndipo kilicho chini hujitokeza, na hilo huchukua mpaka alfajiri. Kwa hiyo kila jaribio la manukato waliyokuwa wakiyatafuta lililala chumbani kwa wifi, kwenye kipande chembamba cha karatasi kilichosukumwa chini ya mlango. Asubuhi kipande kikirudi kwa njia ile ile, maana yake siyo. Vilikwisha kurudi vitano.

Kosa lilikuwa la mama mwenyewe, na alilijua. Alikuwa dobi tangu ujana. Mkono wake ukiona doa hauna subira. Miezi saba nyuma aliingia kufagia chumba cha wifi, akakuta dirishani chupa ya manukato iliyokauka, shingo ina utando wa mafuta. Akaiosha kwa sabuni na maji ya moto, akaisugua mpaka ikang'aa kama jicho la paka, akairudisha mahali pake akitegemea ahsante. Hakujua kwamba kila jioni wifi aliifungua akainusa kidogo. Ilikuwa ya marehemu mumewe, na ule utando ndio uliokuwa umebaki wa harufu yake.

"Umemzika mara ya pili," wifi alimwambia.

Na mama, badala ya kuomba radhi, akajibu, "Jamani, si chupa tupu tu!"

Neno hilo lilifunga mlango. Chakula wifi alikipokea kwa binti peke yake, na akipishana na mama uani aliutazama ukuta kana kwamba umeandikwa kitu.

Binti alifanya kazi katika chumba cha kuchanganyia harufu, kwenye kiwanda cha sabuni. Ndiye aliyesema, "Tutayatengeneza upya." Harufu yenyewe aliikumbuka tangu utotoni, na mtindo wake aliufahamu: juu ndimu na kitu kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, katikati asumini na langilangi, chini kabisa unyevunyevu wa msitu na miski. Zamani unyevu huo ulitokana na ukoga wa magome ya miti, uliowawasha watu ngozi, na miski ilitolewa kwa mnyama. Siku hizi maabara zina mbadala wa vyote viwili. Binti alivipima tone kwa tone kwenye meza ya jikoni, sufuria zimesogezwa kando.

"Na hiki?" mama aliuliza, pua kaiweka mbali. "Hakitamdhuru shangazi yako?"

"Mama, hilo uliniuliza jana."

"Jana hukunijibu vizuri."

Kulipopambazuka, mama angali kwenye kigoda, karatasi ilikwaruza sakafu. Kipande cha sita. Mama alikiokota, akaona safari hii kina maneno ya penseli. Akayafuata kwa kidole: *Ya kwenye chupa ndiyo haya. Ila yeye simsikii.*

Binti alipoyasoma aliketi chini papo hapo. "Basi nimefika mwisho. Nimeyapata yenyewe, na bado siyo. Niongeze nini tena?"

Mama aliyasoma tena. *Yeye simsikii.* Alimkumbuka marehemu, karani mmoja maridadi, akipita mlangoni unajua kapita mtu. Mashati yake nani alikuwa akiyapiga pasi? Si yeye mama, bibi harusi mgeni wakati huo, wote wakikaa nyumba hii? Kila asubuhi marehemu alilisogelea bakuli la maji ya kunyunyizia nguo, akadondosha manukato humo, akanong'ona, "Shemeji, kimya. Wifi yako atasema nafuja." Mwilini hakuyapaka hata siku moja.

"Lete hiyo chupa yako," alisema. "Na bakuli la maji."

"Unataka kuyafua tena, mama?"

"Chomeka pasi, mdomo huo."

Wakachukua shati jeupe la baba, kaka yake wifi. Mama alidondosha manukato majini, akanyunyiza, akakandamiza pasi, mvuke ukapanda. Mwanzo ilikuwa harufu ya pamba tu. Kisha msitu ukaja, lakini wenye joto, umechanganyika na sabuni na nguo safi. Binti aliacha kucheka. Akainama, akanusa kola, akanusa tena.

"Miski haikuwa hivi kwenye karatasi."

"Karatasi haina mabega," mama alisema.

Akalikunja shati. Lakini shati halipiti chini ya mlango. Ilimbidi abishe hodi, jambo ambalo kwa miezi saba hakuthubutu kulifanya.

"Wifi. Niliosha kisichokuwa changu, kisha nikakujibu vibaya. Nisamehe."

Akalisogeza shati karibu na tundu la ufunguo.

"Bado lina moto," aliongeza haraka, maana hofu humzidishia maneno. "Likipoa sijui kama..."

Kitanda kililia. Nyayo zikaja, zikasimama nyuma ya mlango. Mama alisikia pumzi ikivutwa kwa pua, ndefu, kisha nyingine.

"Umeweka matone mangapi?" wifi aliuliza, sauti imekwaruza.

"Mawili. Kama alivyokuwa akiweka yeye."

"Mawili!" Kikatoka kitu kama kicheko, au kilio, vigumu kujua kupitia ubao. "Mimi alikuwa akiniapia ni moja."

Ufunguo ulizunguka, ukakwama, ukazunguka tena. Mlango ukafunguka.